Kiraka cha Safarini ni Deni



Katika kurasa kama hizi tumezoea kuzungumza juu ya mambo makubwa: malezi ya watoto, haki za jirani, mali ya mayatima na adabu za kutafuta elimu. Leo nakuomba tukae pamoja juu ya jambo linaloonekana dogo kama kichwa cha msumari. Mtu yumo njiani juu ya pikipiki yake, na tairi limepata pancha. Je, alizibe tundu aendelee na safari, au alitoe tairi hilo atie jipya?

Najua wako watakaosema: "Hilo ni swali la fundi, si la mwalimu wa chuo. Sheikh ana nini na matairi?" Mwenye kusema hivyo namwomba atazame kwanza hali yetu. Tangu Lamu hadi Mtwara, na visiwani pia, vijana wetu kwa maelfu wanakula riziki yao juu ya pikipiki. Mama mja mzito hupelekwa hospitali kwa bodaboda. Mtoto hupelekwa chuoni na skuli kwa bodaboda. Mgeni aliyeshuka basi usiku huletwa mlangoni kwa bodaboda. Zimebaki nyumba chache ambazo hazina mwana aendeshaye chombo hicho, au mtu akipandaye. Basi uhai wa watu wetu, kila siku inayopambazuka, umekaa juu ya duara mbili za mpira zilizojaa upepo. Fundi atatwambia tundu likoje na kizibo kitashika au hakitashika. Lakini kuuliza ni nani anayetiwa hatarini, kwa faida ya nani na kwa idhini ya nani, hilo si swali la fundi. Hilo ni swali la dini na la utu.

TUKIJUE KITU KABLA YA KUKIHUKUMU

Walimu wetu walitufundisha kwamba asiyekijua kitu hana haki ya kukitolea hukumu. Basi tuanze na tairi lenyewe.

Tairi la upepo si kitu cha kale sana. Mskochi mmoja, Robert William Thomson, alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1845, kisha jambo lenyewe likasahauliwa. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekuwa akikaa Belfast, akapata hati yake baada ya kulibuni upya kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Tangu hapo binadamu akapata starehe ya kwenda juu ya upepo, na pamoja na starehe hiyo akapata pancha.

Matairi ya pikipiki ni namna mbili. Namna ya kwanza ni yale yenye mpira wa ndani, nayo ndiyo tuyaonayo zaidi katika pikipiki zenye rimu za spoku. Msumari ukipenya hapa, mpira wa ndani hutoboka na upepo hutoka upesi, kwa kuwa una njia nyingi za kupitia. Kizibo cha kutiwa kwa nje hakifai kitu. Lazima gurudumu lifunguliwe, mpira utolewe, utiwe kiraka au ubadilishwe, na tairi lenyewe lipapaswe kwa ndani, isije kuwa msumari umebaki humo ukiungojea mpira mpya.

Namna ya pili ni matairi yasiyokuwa na mpira wa ndani, ambayo mafundi huyaita tubulesi. Hapa msumari ukiingia, mara nyingi wenyewe huliziba tundu uliolitoboa, na upepo hutoka polepole. Hapo ndipo inapotumika ile kamba fupi ya mpira yenye gundi, ambayo husukumwa kutoka nje kwa chuma mpaka ikakaza. Kazi hiyo ni ya dakika chache, wala haina haja ya kulifungua gurudumu. Nayo ndiyo inayotushughulisha zaidi leo, kwa sababu wepesi wake ndio fitina yake.

Wenye kutengeneza matairi husemaje? Kwa jumla husema kwamba kizibo cha nje ni cha muda, cha kumfikisha mtu mahali pa matengenezo kwa mwendo wa pole. Matengenezo yenyewe ni kulitoa tairi, kulikagua ndani, na kulitia kiraka cha ndani kilichoungana na kizibo chake. Hata hayo hufaa tu pale tundu linapokuwa dogo, na kipimo kinachotajwa sana ni milimita 6, tena liwe katika uso unaokanyaga barabara. Ama tundu la ubavuni halizibwi, kwa sababu ubavu hujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka, na kiraka hakikai juu ya kitu kisichotulia. Na wako watengenezaji ambao kwa matairi ya pikipiki hawakubali kiraka cha namna yoyote.

Usidhani kwamba ukali wao ni tamaa ya kuuza matairi tu. Gari lina magurudumu manne; likipungukiwa na moja, bado lina matatu ya kulishikilia. Pikipiki ina mawili. Ikipasuka tairi la mbele, usukani huwa si wako tena. Ikipasuka la nyuma, chombo huyumba kama jahazi lililokatika shikio. Tena pikipiki hulala inapopinda kona, ikakanyaga kwa ukingo wa tairi na si kwa katikati. Na mwenye kuanguka hana bati wala mlango wa kumkinga: ni yeye na lami.

HOJA YA MWENYE KUZIBA

Sasa tumsikilize yule asemaye, "Mimi naziba naenda zangu." Tusimdharau, kwa kuwa hoja yake ina mashiko.

Kwanza atatwambia kwamba israfu ni haramu, na kulitupa tairi zima kwa tundu la msumari mmoja ni israfu. Pili atatukumbusha kauli ya wazee: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wazee wetu hawakuwa watu wa kutupa. Sufuria ilitiwa kiraka, kanzu ilitiwa kiraka, mkeka uliokatika ukindu ulishonwa. Na chombo kikubwa walichokuwa nacho, jahazi, hakikuwahi kwenda baharini ila kwa kuzibwa: mafundi walikalafati kwa pamba katikati ya mbao, wakapaka sifa, na chombo kikaenda hadi Bara Arabu na kurudi. Ikiwa watu walivuka bahari juu ya viziba, vipi mtu asifike Malindi juu ya kizibo kimoja?

Tatu, na hili ndilo zito, atasema: "Sheikh, tairi jipya ni kazi ya siku nyingi. Nyumbani wananingoja. Nikisema nibadilishe kila lipatapo pancha, watoto watalala na njaa."

Hoja hizi tatu nimezipokea, nami nitazirudia. Lakini lile la jahazi tulitazame tena, kwa kuwa limetajwa nusu. Waulize mabaharia waliobaki, watakwambia kwamba nahodha alijua kuziba kuko kwa namna mbili. Kalafati ilifanywa pwani, chombo kikiwa kimepandishwa juu ya mchanga, kwa kazi ya utulivu, na fundi akagonga ubao mmoja baada ya mmoja. Ama tundu likitokea katikati ya bahari, mabaharia waliziba kwa chochote walichonacho, wakafua maji kwa zamu, na nahodha akageuza shikio kuelekea bandari iliyo karibu. Hakusema, "Maadamu maji yamepungua, tuendelee hadi mwisho wa msimu." Akifanya hivyo mabaharia walimwona kuwa ni mtu wa kuogopwa, wasipande naye tena. Basi wazee waliziba, ni kweli. Lakini walijua kizibo cha bahari si kalafati ya pwani.

HOJA YA MWENYE KUBADILISHA

Upande wa pili yuko asemaye: "Tairi likitoboka halina amani tena. Litolewe, litiwe jipya, hata kama gharama ni kubwa." Huyu naye ana hoja. Wanavyuoni, na miongoni mwao Imamu Ghazali aliyefariki mwaka 1111, walieleza kwamba sheria imekuja kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Mali imo, na mwenye kusema tusiipoteze amesema kweli. Lakini nafsi iko mbele yake. Mali hukopwa, hutafutwa, huja baada ya kwenda. Nafsi ikitoka hairudishwi kwa thamani ya matairi yote yaliyomo dukani.

Hata hivyo, huyu pia akiishika kauli yake bila ya kutazama mahali na wakati, atafika pabaya. Tuchukue mfano. Kijana ametoka Kilifi kwenda Malindi, mwendo wa karibu kilomita 60. Amembeba mama na mtoto wake mdogo. Wamefika pale ambapo msitu wa Arabuko-Sokoke umepakana na barabara, kabla ya kufika Gede. Jua limezama, magari ya mizigo yanapita kwa kasi, na tairi la nyuma linapungua upepo kwa msumari uliosimama katikati ya uso wake. Je, tumwambie akae hapo na mama yule na mtoto yule mpaka lipatikane tairi jipya? Kukaa ukingoni mwa barabara gizani ni hatari nayo, pengine kubwa kuliko kwenda polepole hadi penye taa na watu. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Mwenye kulazimisha jambo jema mahali pasipowezekana hajamhifadhi mtu.

Basi, ndugu msomaji, swali letu halijibiwi kwa neno moja. Mwenye kusema "ziba" bila ya mpaka amekosea, na mwenye kusema "badilisha" bila ya kutazama hali amekosea.

DHARURA INA KIPIMO CHAKE

Katika fiqhi yetu kuna msingi unaojulikana na kila aliyesoma: dharura huruhusu yale ambayo bila ya dharura hayakuruhusiwa, lakini huruhusu kwa kadiri yake tu, bila ya kuzidi. Aliyefikwa na njaa ya kufa jangwani ameruhusiwa kula kitu asichoruhusiwa, lakini ale cha kumwokoa, si cha kushiba na kufunga mzigo wa kesho. Dharura ikiondoka, na ruhusa huondoka pamoja nayo.

Tukilipima tairi letu kwa msingi huu, njia itaonekana. Kizibo cha safarini ni ruhusa, na ruhusa hiyo ina masharti matatu.

La kwanza, jeraha liwe la kuzibika: tundu dogo, katika uso wa tairi, si ubavuni, wala si mpasuko, wala tairi lisiwe limeshakwenda bila ya upepo hadi likajisaga kwa ndani. Likiwa kinyume cha hayo, kuziba si kutengeneza bali ni kujidanganya.

La pili, safari baada ya kuziba iwe ni ya kwenda kwenye matengenezo, si ya kuendelea na kazi. Aende polepole, ajaze upepo wa kipimo, apake maji ya sabuni au hata mate juu ya kizibo atazame kama kinatoa mapovu, na baada ya kilomita chache asimame atazame tena. Tairi lililopungua upepo hujikunja kupita kiasi, hupata joto, na joto ndilo linaloliua.

La tatu, kila mwenye nafsi juu ya chombo hicho ajue na akubali. Hili nitalirudia.

Kwa hivyo mimi nasema kizibo cha safarini ni deni. Deni si haramu. Mtu hupungukiwa, hukopa, na mambo yake yakaenda. Lakini mwenye kukopa huku moyoni hana nia ya kulipa amefanya jambo jingine kabisa, hata kama maneno aliyoyasema kwa mkopeshaji ni yale yale. Na aliyekopa kwa nia njema kisha akajifanya amesahau, naye ni karibu na wa kwanza.

Msiba wetu uko hapa. Katika watu kumi wenye kuziba njiani, sidhani kama tatizo kubwa liko katika kule kuziba. Tatizo liko asubuhi ya pili. Usiku ule aliogopa, akaenda kwa hadhari, akafika, akamshukuru Mungu. Asubuhi anatazama tairi na kuliona limesimama. Anasema, "Kumbe limeshika." Anachukua abiria wa kwanza, kisha wa pili, na wiki inapita, na mwezi unapita. Kizibo cha njia ya Gede kimekuwa kizibo cha mwaka. Dharura imeondoka, lakini ruhusa ameing'ang'ania. Wala hakuna siku aliyoamua kufanya hivyo. Ameacha tu kuamua. Na ndivyo nafsi ya binadamu inavyofanya katika mambo mengi: jambo tulilolikubali kwa siku moja kwa kubanwa tunalikuta mwaka wa pili limeshakuwa mwenendo wetu, na tukiulizwa tunasema, "Mbona limeshika?"

NAFSI YA PILI

Mtu akiwa peke yake juu ya pikipiki, bado hana ruhusa ya kuichezea nafsi yake, kwa kuwa nafsi si mali yake bali ni amana. Lakini akiwa na mtu nyuma yake, mzigo umezidi. Yule wa nyuma halioni tairi. Hajui kwamba jana lilitiwa kizibo. Ameshika mabega ya kijana kwa sababu amemwamini.

Wako wasemao, "Nikimwambia abiria, atashuka." Naam, huenda akashuka, na hiyo ni haki yake. Unapoficha aibu ya bidhaa ili inunuliwe, umeghushi, na kila muuza duka anajua hukumu yake. Basi vipi iwe ghushi katika nazi na mchele, isiwe ghushi katika uhai wa mtu? Mwambie kwa maneno mepesi: "Mama, tairi la nyuma lilipata pancha, nimeliziba njiani. Nitakwenda polepole hadi kwa fundi. Ukitaka nitakuitia mwenzangu." Maneno hayo hayamalizi hata nusu dakika. Na mtoto mdogo hana idhini ya kutoa. Mwenye kumbeba mtoto aamue kama ambavyo mzazi mwenye busara angeamua, si kama ambavyo mtu mwenye haraka angetaka.

Ama nauli, vijana wengi huendelea na safari ya hatari kwa kuogopa kuikosa, na hapa fiqhi ya Imamu Shafi tunayoisoma pwani ina faraja. Katika mlango wa ijara, mnyama maalumu aliyekodiwa akifa njiani, mkataba huvunjika kwa masafa yaliyobaki, lakini malipo ya masafa yaliyokwisha kwendwa yanabaki kuwa haki. Na ikiwa kilichokodiwa si mnyama maalumu, bali ni kufikishwa mahali fulani, basi mwenye kubeba ana wajibu wa kuleta mnyama mwingine. Tazama jinsi wanavyuoni wa zama za ngamia walivyoijua pancha kabla ya tairi kuzaliwa! Basi, kijana wangu, ukikatikiwa nusu ya njia, mwite mwenzako ammalizie abiria safari, na nauli igawanywe kwa masafa. Nawe abiria, usimnyime kijana haki ya masafa aliyokufikisha kwa sababu tu hakukufikisha mwisho. Mwenye kumnyima nusu ndiye anayemfundisha kesho asisimame.

MWENYE CHOMBO NA FUNDI

Tusimbebeshe kijana mzigo wote. Pikipiki nyingi si za wazipandao. Kuna mwenye chombo ambaye jioni hungojea hesabu yake, na hesabu hiyo haijui mvua wala pancha. Kijana akisema, "Tairi limekwisha," anaambiwa, "Ziba kwanza, tutazame mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi huja na maneno yale yale.

Ewe mwenye chombo, namna hii ya kukodisha ina hukumu zake. Faida ikiwa yako, na utengenezaji wa chombo ni juu yako, isipokuwa mmekubaliana kwa uwazi vinginevyo. Na hata mkikubaliana, usimwekee kijana hesabu ambayo unajua haibakishi cha kununulia tairi, kisha ukasema, "Tulikubaliana." Likipasuka tairi hilo na mtu akafa, polisi watamwuliza aliyekuwa usukanini. Mbele ya Mwenyezi Mungu ataulizwa kila mwenye sehemu yake.

Nawe fundi wa pancha, kazi yako ni ya heshima, kwa kuwa mtu hukujia akiwa amekwama ukamtoa. Lakini neno "itafika tu" ni ushahidi, na ushahidi wa uongo unaujua. Tundu likiwa ubavuni, sema wazi, "Hili haliko katika kuzibwa," hata kama utakosa ujira wa siku hiyo. Ukiweza kulitoa tairi na kulitia kiraka kwa ndani, fanya hivyo, umweleze mteja tofauti yake na kizibo cha nje, naye achague akiwa anajua.

Hali kadhalika muuza matairi makuukuu. Kupaka rangi nyeusi juu ya tairi lililozeeka ili lionekane jipya ni ghushi bila ya shaka. Na wewe mnunuzi usiwe kipofu. Katika ubavu wa tairi, mwisho wa alama zinazoanza na herufi DOT, huandikwa tarakimu 4: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, basi tairi hilo limetengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tazama pia kina cha mifereji yake. Uingereza, kwa mfano, sheria haikubali pikipiki kubwa kwenda na mifereji iliyopungua milimita 1. Tairi lililokwisha kuwa kipara halistahili hata kizibo. Kulitilia kizibo ni kama kumshonea maiti kanzu.

"AJALI HAINA KINGA"

Hapa, msomaji, kuna neno linalotuua zaidi ya misumari. Kila mara chombo kikianguka, utasikia watu wakisema, "Ajali haina kinga." Wanasema kwa nia ya kufarijiana, na kufarijiana ni jambo jema. Lakini neno hilo tulitazame asili yake.

Neno ajali tumelichukua katika Kiarabu, ambako maana yake ni muda uliowekwa, yaani siku ya mtu iliyokwisha kuandikwa. Kwa maana hiyo kauli ni kweli tupu: muda ukifika, hakuna wa kuukinga, si mfalme wala tabibu. Lakini Kiswahili chetu kimelipa neno lile lile maana ya pili, yaani kugongana na kuanguka kwa vyombo. Kwa maana hii ya pili kauli si kweli. Kuanguka kwa sababu ya tairi bovu kuna kinga, na kinga yake inauzwa dukani na kutiwa kwa fundi. Sisi tumezichanganya maana mbili kwa kuwa jina ni moja, tukauchukua uhakika wa ile ya kwanza na kuufunika uzembe wa ya pili.

Kutegemea kwa Mungu si kuacha sababu. Mkulima humtegemea Mungu akiwa amekwisha kupanda. Nahodha humtegemea Mungu akiwa amekwisha kukalafati. Asiyepanda wala kukalafati, kisha akasema ametegemea, huyo amejipa likizo na kuiita ibada. Anayejua kwamba tairi lake lina kizibo cha mwezi uliopita, akapandisha mtu na kusema "Bismillahi", jina hilo tukufu si gundi ya kushikia kizibo chake.

NA ASIYE NACHO JE?

Nimeahidi kuirudia hoja ya njaa. Sitamjibu maskini kwa mawaidha matupu, kwa sababu mawaidha hayanunui tairi.

Ikiwa hana, deni lake bado lipo, lakini halipo juu yake peke yake. Vijana wengi wa bodaboda wana vyama vyao vya kuchangiana katika misiba na harusi. Basi watenge na fungu la matairi, kila mtu atie kidogo kila siku, na likimfika mmoja akopeshwe bila ya riba alipe kwa siku zake. Tunamchangia mwenzetu sanda bila ya kuulizana. Kwa nini tusimchangie tairi kabla ya kuihitaji sanda?

Kijana naye ajihesabu. Tairi halimalizwi na pancha siku moja. Huchakaa mbele ya macho yake kwa miezi. Mwenye kuweka kidogo kila jioni tangu siku alipolitia jipya, likifika mwisho wake atalikuta la pili limekwisha kulipiwa. Huku si kutajirika, ni kuhesabu tu. Na aanze kwa kubeba pampu ndogo na vifaa vya kuzibia, kwa kuwa sikusema asizibe. Nimesema asiishi juu ya kizibo.

Nasi tulio majumbani tuna sehemu yetu. Tunapomwita kijana na kumwambia, "Kimbiza, nimechelewa," tunashiriki. Tunapochagua aliye rahisi kuliko wote bila ya kulitazama tairi lake, tunashiriki. Mzazi anayempa mwanawe pikipiki asimpe chombo peke yake, ampe na desturi ya kukitazama kila asubuhi baada ya sala: upepo, uso wa tairi, ubavu wake, na kama kuna kitu kilichopenya.

Kwa muhtasari, ndugu msomaji: ukipata pancha safarini na tundu likawa la kuzibika, ziba, mwambie uliyembeba, nenda polepole, na usipite penye fundi wa kweli bila ya kusimama. Tundu likiwa la ubavuni, au tairi likiwa limekwisha, usizibe. Tafuta njia nyingine ya kufika, hata kama ni kusukuma chombo. Na ukifika salama, usiihesabu salama hiyo kuwa ni hati ya kuendelea. Ni muda umepewa wa kulipa deni, na mwenye kukudai si tairi, ni yule atakayekaa nyuma yako kesho.

Wabillahi tawfiq.